Korosho Zikipita Mtwara, Chemba Isimame Wapi?

Wasemaji wa mjadala huu sikuwapa majina, kwa kuwa si watu bali ni hoja. Ukikaa Mtwara msimu wa korosho, tangu minada inapofunguliwa Oktoba, utazisikia kwenye geti la bandari, maghalani, na kwenye baraza za maduka ya Masasi na Newala. Nilichofanya ni kuzipa midomo ili zigombane mbele ya msomaji. Mkulima nimemwacha nje makusudi. Ana ushirika wake, MAMCU na TANECU, na ugomvi wa huko unataka makala yake nzima.

Kinachogombaniwa ni hiki. Bandari ya Mtwara ina kina kirefu cha asili, na miaka ya karibuni imeongezewa gati jipya la mita 300 kwa zaidi ya shilingi bilioni 150. Pamoja na hayo, korosho nyingi za kusini zilikuwa zikipakiwa kwenye malori na kwenda kusafirishwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550. Kuanzia msimu wa 2023/24 Serikali ikaagiza zipite Mtwara. Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo, TCCIA, ambacho wengi wanakiita chemba tu, kinabeba chini ya paa moja watu ambao agizo kama hilo linawaneemesha na watu ambao linawaumiza. Chemba ya mkoa imsemee nani?

MSAFIRISHAJI: Imsemee mwanachama. Mimi nalipa ada. Nikishinda mnada, pesa ya benki imeshatoka na riba imeanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Korosho zikilala ghalani Mtwara zikisubiri kontena, riba hailali. Mvua za Desemba zinaingia, unyevu unapanda. Mnunuzi wangu wa Vietnam au wa Kollam kule India anapima gunia la kilo 80 linatoa ratili ngapi za kiini, na zikipungua anakata bei. Dar makontena matupu yamejaa, maana nchi nzima inaagiza bidhaa kupitia pale. Nikipakia lori leo jioni, kesho liko Dar. Sasa chemba inayonizuia nisiyafuate makontena yaliko, ni chemba yangu au ya nani?

MZEE WA CHEMBA: Chemba haijakuzuia, bwana. Imezuia Serikali.

MSAFIRISHAJI: Na wenzako wakapiga makofi, mzee wangu.

MZEE WA CHEMBA: Wengine, ndiyo. Mwenye ghala alipiga, mwenye nyumba ya wageni alipiga, wakala wa forodha mwenye ofisi hapa alipiga mpaka viganja vikauma. Hao nao wanalipa ada.

MCHUKUZI: Na sisi tusiolipa tulipiga zaidi. Tajiri, lori lako likipakiwa ghalani na kuondoka, mimi nimepata mkono mmoja tu wa kazi. Korosho zikija bandarini kuna kushusha, kuna kupanga ndani ya kontena, kuna kufagia, kuna kulinda usiku. Mama lishe anauza sahani hadi saa nne za usiku. Bodaboda wanakesha. Wewe unaongelea riba, mimi naongelea kodi ya chumba.

MSAFIRISHAJI: Kwa hiyo nibebe hasara yangu ili wewe ulipe kodi ya chumba?

MCHUKUZI: Mbona mimi nimebeba magunia yako miaka yote ili wewe upate faida?

Hapo Mchukuzi amegusa jambo ambalo Msafirishaji hapendi kulitazama. Mtaji wake una miguu. Leo ghala Mtwara, mwakani ghala Dar, na faida ikikataa kabisa anaweza kuacha korosho na kwenda kwenye ufuta au mbaazi. Bandari haiwezi kuhama, wala mtu aliyejenga Chikongola au Magomeni kwa kutegemea bandari hiyo hana pa kuihamishia nyumba yake. Chama cha kitaifa cha wafanyabiashara kinaweza kuhesabu nchi nzima kama soko moja, na katika hesabu hiyo gunia lililopita Dar ni sawa na lililopita Mtwara. Chemba ya mkoa imebeba jina la mkoa. Ikishaanza kuhesabu kwa namna ileile ya makao makuu, ninavyoona mimi, haina sababu ya kuwa na ofisi hapa.

Ila tusimcheke Msafirishaji. Tatizo lake la kontena ni la kweli, na halikuumbwa na ukaidi wa mtu. Meli ya makontena haiji kuchukua mzigo tu. Hupenda kuleta mzigo na kuondoka na mzigo. Mtwara inauza nje kwa wingi kwa miezi michache na kuagiza kidogo mwaka mzima, kwa hiyo kila kontena la korosho ni lazima liletwe tupu kutoka mahali pengine, na kuna mtu analilipia safari hiyo ya bure. Piga hesabu. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi, sehemu kubwa ikitoka mikoa ya kusini. Kontena la futi 40 hubeba takriban tani 25. Hayo ni makontena 12,000, mengi yakihitajika ndani ya miezi minne hivi, kwenye bandari ambayo Machi ukipita pale unaweza kusikia bendera zikipepea.

MUUZA DUKA WA MASASI: Basi jibu si liko wazi? Kama shida ni kontena kuja tupu, tuzijaze. Maduka ya Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Mtwara yenyewe, sote tunauza sukari, betri, nguo, sahani, vipuri vya pikipiki. Vyote vinakuja kwa lori kutoka Kariakoo. Chemba ituite, tuagize pamoja, mzigo ushukie hapa.

MZEE WA CHEMBA: Maneno hayo yanasemwa kila tukikutana, tunaitikia wote, halafu kila mmoja anarudi Kariakoo.

MUUZA DUKA: Kwa sababu Kariakoo kuna mali kauli, mzee. Nachukua mzigo wa milioni kumi, nalipa nne, sita nalipa nikishauza. Mwenye duka la jumla kule ananijua, alimjua na baba yangu. Korosho ikichelewa kulipwa huku, wateja wangu hawana hela, nampigia simu, ananisubiri. Kiwanda cha Guangzhou kitanisubiri? Kinataka pesa mbele, tena kwa dola.

MSAFIRISHAJI: Afadhali umesema. Watu wanadhani mzigo unafuata umbali.

Ningependa waliokaa vikao vingi kuhusu bandari hii wamsikilize huyu mwenye duka kwa muda mrefu kuliko wanavyowasikiliza wahandisi. Tumejenga gati, tumechimba, tumeongeza mitambo. Mzigo wa kurudi haukuja kwa kasi ya zege, kwa sababu kinachomfunga mwenye duka wa Masasi na Dar es Salaam ni deni lenye kuaminiana, lililojengwa kwa vizazi viwili. Hakuna agizo la Serikali linaloweza kuhamisha uaminifu huo. Benki ingeweza kuliziba pengo, lakini benki inataka hati ya nyumba, na nyumba nyingi za wenye maduka hazina hati. Hapa ndipo chemba yenye akili ingekuwa na kazi yake hasa: kujua nani analipa madeni yake kwa wakati, kukusanya wenye maduka ishirini au thelathini wanaoaminika, na kwenda benki au kwa muuzaji wa jumla nao kama kundi moja. Hiyo ni kazi ya kuchosha, haina hotuba wala utepe wa kukata, na mwenye kuifanya hapigwi picha.

MZEE WA CHEMBA: Ni rahisi kuandika. Ngoja niwaeleze tulivyo, msije mkadhani tuna jeshi. TCCIA ilianzishwa 1988, wakati nchi inatoka kwenye biashara za mashirika ya umma na kampuni za biashara za mikoa, na mtu mwenye duka alikuwa bado anaogopa kuitwa mlanguzi. Uanachama ni hiari. Anayetaka anaingia, asiyetaka anafaidi bila kulipa. Tunatoa vyeti vya uasili wa bidhaa, tunapata ada kidogo hapo. Mkoani unakuta mtendaji mmoja, msaidizi mmoja, na kompyuta. Halafu mnataka tujue deni la kila duka.

MSAFIRISHAJI: Ufaransa chemba zina sheria na zina kodi.

MZEE WA CHEMBA: Na umri. Chemba ya Marseille imeanza 1599. Ule nao ni mji wa bandari, na kwa karne nyingi chemba ndiyo iliyotunza mambo ya bandari na kutoza ushuru wa biashara ya bahari. Sisi tumefuata mtindo wa Kiingereza: chama cha hiari, chai, na kumbukumbu za kikao.

MCHUKUZI: Na posho.

MZEE WA CHEMBA: Posho ikipatikana.

Kuna kitu kingine ambacho Mzee amekipitia juujuu. Kila mkoa una Baraza la Biashara, mtoto wa Baraza la Taifa la Biashara lililoundwa 2001, ambapo Serikali na sekta binafsi hukaa meza moja. Mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa. Chemba hukaa upande wa pili kama sauti ya wafanyabiashara. Kwa sura yake ni jambo zuri, na tozo za kero zimewahi kusemwa na kurekebishwa katika vikao vya namna hiyo. Ila mtu anayekaribishwa nyumbani kwa mwenye uwezo wa kumfungia biashara husema kwa adabu sana.

MZEE WA CHEMBA: Nitasema wazi kwa kuwa nimestaafu. Kila mwanachama ana leseni yake. Kila mwanachama ana jalada lake la kodi TRA. Tunaandaa hoja saba nzito, tunakubaliana nani ataisema ipi, tukifika ukumbini zinasomwa nne, na tatu kati ya hizo ni shukrani.

MSAFIRISHAJI: Ndiyo maana nasema dawa ni kugoma. Siku moja tukatae kununua, mtaona tunavyosikilizwa.

MZEE WA CHEMBA: Mwaka 2018 mnada ulipokwama kwa bei, iliishaje?

Msafirishaji hakulijibu, nami namjibia. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Mawaziri wawili, wa kilimo na wa biashara, walipoteza nafasi zao. Wanunuzi walibaki nje ya uzio wakitazama, na Serikali nayo ikaja kugundua kuwa kununua ni jambo moja na kumpata wa kumuuzia ni jingine. Korosho zilikaa maghalani na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Hakuna aliyetoka na ushindi pale. Mwezi Juni wa mwaka huohuo sheria ya fedha ilikuwa imeshachukua fungu la ushuru wa korosho zinazouzwa nje, asilimia 65, lililokuwa likirudi kwenye zao lenyewe kwa pembejeo na utafiti, na kulipeleka lote mfuko mkuu. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni. Mambo mawili makubwa ndani ya mwaka mmoja, yote yakiamuliwa mbali na bahari hii.

MZEE WA CHEMBA: Kugoma kunafaa ukiwa na mtu nyuma yako. Zanzibar, 1937, wakoloni walikipa chama kimoja mamlaka juu ya biashara ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma. Waliweza kwa sababu India ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa, na watu wa chama cha Congress kule India wakasusia karafuu ya Zanzibar pamoja nao. Mwaka uliofuata wakakaa mezani na kupatana. Nyinyi nyuma yenu yuko nani? Mnunuzi wa Vietnam akikukosa anasubiri Februari ifike, anachukua ya Kodivaa.

MSAFIRISHAJI: Huyo mnunuzi ana sababu ya kututaka pia. Oktoba mpaka Januari Afrika Magharibi haina korosho mpya. Sisi tunayo. Miezi hiyo bei yetu ina nguvu. Ndiyo maana kila wiki ya kuchelewa inaniuma: mnanichelewesha ndani ya miezi yangu mizuri.

MBANGUAJI: Naomba na mimi niseme, maana nimewasikiliza mkigombania njia ya kuondokea tu. Hakuna aliyeuliza kwa nini ziondoke na maganda yake.

Nakiri kwamba nilipanga aingie mapema zaidi; hoja za wanaume wanne zikamfunika, kama kawaida ya mikutano yenyewe. (Mhariri aliniuliza kwa nini yuko peke yake. Nendeni mkahesabu waliokaa meza ya mbele siku ya Baraza.)

MBANGUAJI: Nipo kwenye kikundi cha akina mama. Tunabangua, tunakaanga, tunafungasha, tunauza stendi na kwa wageni. Ukiona korosho nyeupe kwenye chupa Dar es Salaam, kuna mkono wa mwanamke humo, na mafuta ya ganda yameshaunguza vidole vyake. Lakini korosho ghafi siipati. Mnada unauza kwa tani nyingi kwa pamoja. Mimi nataka magunia kumi. Nikinunua kwa mkulima mlangoni naitwa kangomba, nakamatwa. Kwa hiyo mimi, ninayeishi katikati ya mikorosho, nahangaika kutafuta korosho kama mtu wa Dodoma.

MSAFIRISHAJI: Mama, kangomba inawapunja wakulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza kwa mnada kupitia ghala, umewasaidia.

MBANGUAJI: Sijaukataa. Ulipoanza hapa Mtwara msimu wa 2007/08 mjomba wangu aliuza kwa bei ambayo hakuwahi kuiona. Nauliza mlango wangu uko wapi. Mlango wa mwenye meli upo, wa mkulima upo. Wangu?

MZEE WA CHEMBA: Kuna barua ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, ya kukupeleka TBS upate alama ya ubora, kuna mafunzo ya kufungasha...

MBANGUAJI: Mafunzo ya kufungasha nini, baba? Mifuko mitupu?

Anayo haki ya kukasirika. Miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua, Mtwara, Newala, Masasi, Lindi na kwingineko, kwa mikopo na mitambo ya nje. Mavuno yalifika tani 145,000 msimu wa 1973/74 kisha yakaporomoka, na viwanda vingi havikuwahi kushiba. Baadaye vilibinafsishwa, na kadhaa vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazongoja meli. Sehemu kubwa ya zao hili mpaka leo huenda kubanguliwa Asia. Katika mjadala wa bandari, hoja ya Mbanguaji inabadili hesabu nzima ya kontena. Gunia la kilo 80 likibanguliwa hubaki na kilo ishirini na kitu za kiini. Ukibangua hapa nusu tu ya mavuno, unahitaji makontena machache mno kwa nusu hiyo, na hayo machache yana thamani kubwa kiasi kwamba gharama ya kuleta kontena tupu haimkeri mtu. Msafirishaji analilia maelfu ya makontena kwa sababu asilimia kubwa ya anachosafirisha ni ganda.

MSAFIRISHAJI: Nimeshajaribu kubangua. Umeme, mitambo, wafanyakazi, mtaji wa kununua korosho za mwaka mzima ndani ya miezi mitatu. Riba yenyewe inakula faida. Vietnam wana mashine ambazo hazichoki.

MBANGUAJI: Sisi hatutaki kushindana na Vietnam. Tunataka magunia kumi.

MCHUKUZI: Mnanipoteza. Mama akibangua zote, mimi nitabeba nini?

MBANGUAJI: Maboksi, mwanangu. Ni mepesi.

Turudi kwenye agizo, kwa kuwa bila hilo chemba isingegawanyika. Mimi naliunga mkono, ila kwa sababu tofauti na ya wengi. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na kwa siku kadhaa kusini ilikuwa kisiwa. Mkoa wenye bandari ya kina kirefu kutegemea uzi mmoja wa lami ni uzembe wa kupanga. Lakini jirani zetu wa Mombasa wameshatuonyesha upande wa pili wa agizo. Agosti 2019 mamlaka za kodi na bandari za Kenya ziliamuru mizigo ya bara ipande reli ya kisasa na kutolewa Nairobi. Malori, mawakala, gereji, hoteli za kando ya barabara, wote waliumia, na watu wakaandamana mitaani Jumatatu baada ya Jumatatu. Mahakama Kuu ya Mombasa ikalitengua agizo Novemba 2020. Hata hivyo ilikuwa Septemba 2022, siku aliyoapishwa, ndipo Rais Ruto akatangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Mji mmoja, miaka mitatu, mzigo umeondoka kwa amri na kurudi kwa amri. Sisi tumepewa korosho kwa njia ileile ambayo Mombasa walinyang'anywa makontena.

MUUZA DUKA: Kwa hiyo unaliunga mkono au hulitaki?

Naliunga mkono kama muda wa mkopo. Historia ya bandari hii inanifanya niwe na haraka. Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga. Mradi ule ulianza 1947 ukafa 1951, gati likafunguliwa 1954 mradi ukiwa kaburini, na reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipotangazwa, Mtwara iliwaka moto, Januari na tena Mei 2013, watu wakafa. Bomba lilijengwa, likazinduliwa 2015. Kila mara uamuzi ulikuwa mkubwa, ulitoka juu, na mji ulikutwa haujajiandaa kuutumia wala kuupinga kwa hesabu. Siku hizi makaa ya mawe ya Ruvuma yanapita hapa, saruji ya kiwanda cha Dangote ipo, salfa ya mikorosho inaingia. Hizo ni mbegu za mzigo wa mwaka mzima. Anayetakiwa kuziweka kwenye karatasi moja, tani kwa tani, mwezi kwa mwezi, kabla Oktoba haijafika, ni nani kama si chemba?

MZEE WA CHEMBA: Kampuni ya meli ukiipelekea karatasi hiyo Aprili, inakusikiliza. Ukiipigia simu Novemba, inakutajia bei.

MSAFIRISHAJI: Karatasi hiyo inataka mimi niseme nitanunua tani ngapi. Nikisema, mshindani wangu anajua, na mnadani ananipandishia. Hakuna msafirishaji atakayekupa namba yake.

MZEE WA CHEMBA: Sitaki namba yako niitangaze. Nataka jumla. Kila mmoja alete bahasha, mtendaji ajumlishe, bahasha zichanwe.

MSAFIRISHAJI: Mtendaji mwenyewe analipwa na nani? Mwaka huu mimi, mwakani mshindani wangu?

MUUZA DUKA: Mpeni mtu wa benki ajumlishe. Benki tayari inajua siri zenu zote.

MZEE WA CHEMBA: Wazo. Na wewe duka lako utaleta bahasha ya mzigo wa kuingia?

MUUZA DUKA: Nikipata wa kunipa mali kauli hapa Mtwara, naleta. Bila hiyo nisikudanganye.

MSAFIRISHAJI: Mimi naleta yangu kwa sharti. Makontena yasipofika, chemba iseme hadharani, kwa namba: tuliomba haya, yamekuja haya, korosho hizi zimelala ghalani siku hizi. Isiseme kwa Bodi ya Korosho peke yake wala kwa simu. Iseme kwenye Baraza la Biashara, Mkuu wa Mkoa akiwa kwenye kiti. Agizo likiwa la Serikali, na hasara ya agizo isomwe mbele ya Serikali.

MCHUKUZI: Na waandike vibarua wamelipwa lini. Hilo nalo ni namba.

MBANGUAJI: Na magunia kumi.

MZEE WA CHEMBA: Nitaandika yote. Shida iliyobaki ni ya kusoma. Nimewaambia, kila mwanachama ana leseni yake na jalada lake.

MBANGUAJI: Nipeni mimi niisome. Mimi si mwanachama, na leseni ya kuninyang'anya sina.